Kompyuta za Mtumba na Gharama ya Istilahi: Maoni Kutoka Msalato

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa mizani nyingi. Wako wanaotazama asili ya neno, wako wanaotazama umbo lake la kisarufi, na wako wanaouliza kwanza kama linatamkika bila taabu. Mizani hizo zote ni za haki, wala hatukusudii kuzitupa. Lakini iko mizani moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni mizani ya hasara. Neno likikosewa, ni nani anayelipa, na analipa kiasi gani? Makala haya yanakusudia kuyapima baadhi ya maneno yetu ya kompyuta kwa mizani hiyo, kwa kutumia jambo dogo tulilolishuhudia Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, katika barabara iendayo Arusha.

Msalato inajulikana kwa mnada wake wa mifugo, na siku hizi kwa uwanja mpya wa ndege ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itautekeleza kikamilifu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, shughuli zimeongezeka pande zote za mji. Ofisi ndogo, shule na vyama vya ushirika navyo vimehitaji kompyuta. Wenye fungu dogo hawanunui mpya. Hununua zilizokwisha kutumika kwingine, au huzifufua zile walizo nazo. Hapo ndipo lugha inapoingia kazini, kwa kuwa anayetaka kazi hiyo ifanywe hana budi kuandika ni kazi gani.

Karatasi Yenyewe

Ofisi moja ya huko, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na kompyuta sita za mezani zilizozeeka. Fedha zilipatikana, si nyingi, na karani akaagizwa aandike mahitaji ili mafundi watoe bei. Aliandika kwa Kiswahili safi, nasi twampongeza kwa hilo. Karatasi yake ilikuwa na mistari minne:

1. Kuboresha CPU sita chakavu.
2. Kuongeza kumbukumbu hadi 500.
3. Kubadilisha mashine ya umeme.
4. Kuweka programu mpya.

Mafundi watatu waliisoma karatasi hiyo na kuleta bei tatu zisizolingana hata kidogo. Wa kwanza alitoa bei ya makasha sita mengine kamili. Wa pili alitoa bei ya diski sita za kuzunguka, kila moja ya gigabaiti 500. Wa tatu alikwenda kuuliza, akaambiwa kuwa maelezo yote yamo katika karatasi. Ofisi ikamchukua wa pili kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Diski zikafungwa, fedha zikaisha, na kompyuta zikabaki na uzito ule ule wa zamani: karani huiwasha asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi na kuikuta bado inajikongoja.

Hatusemi kwamba fundi alidanganya. Alifanya kile alichokielewa, na karani aliandika kile alichofundishwa. Tuitazame basi karatasi hiyo mstari kwa mstari.

Neno "Kuboresha"

Kitenzi hiki kimekuwa kipenzi cha ofisi zetu. Barabara huboreshwa, huduma huboreshwa, mitaala huboreshwa. Ubaya wake ni kwamba hakitaji tendo. Hutoa hukumu juu ya matokeo ya tendo. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora, na kila aliyegusa kitu anaweza kudai kuwa sasa ni bora. Katika hotuba jambo hili halina madhara makubwa. Katika karatasi ya ununuzi ni mlango ulioachwa wazi.

Kwa kompyuta iliyozeeka kuna matendo yapatayo matano, na kila moja lina gharama yake. Kuna kusafisha: vumbi la Dodoma la wakati wa kiangazi huziba feni na vipoozaji, na kompyuta inayochemka hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kazi hii haihitaji kununua kifaa kikubwa, nayo yapaswa kutangulia zote. Kuna kutengeneza, yaani kurudisha kilichoharibika katika hali yake. Kuna kuongeza, yaani kutia zaidi ya kile kilichomo. Kuna kubadilisha, yaani kutoa kimoja na kutia kingine cha aina bora au ya namna nyingine. Na kuna kusasisha, yaani kuifanya programu iende na wakati.

Juu ya neno hili la mwisho kuna ushindani. Wengi hapa nchini husema "kuhuisha". Neno hilo ni zuri na lina heshima yake, lakini maana yake ya asili ni kutia uhai, na msomaji aweza kudhani kwamba kompyuta ilikuwa imekufa. "Kusasisha" limetokana na "sasa", na hata asiyewahi kulisikia hukisia maana yake. Tunaona lipewe nafasi katika maandishi ya kiufundi, na "kuhuisha" libaki kwa sheria, mikataba na leseni, ambako limezoeleka. "Kuboresha" nalo lisifukuzwe. Liwe kichwa cha habari, na chini yake yafuate matendo yenyewe kwa majina yao.

Neno "CPU"

Hapa kosa si la karani peke yake, ni la nchi nzima. Mitaani na maofisini tunaliita kasha zima la kompyuta "sipiyu". Lakini herufi hizo tatu ni jina la kifaa kimoja kidogo kilicho ndani ya kasha hilo, kinachoweza kufichwa katika kiganja, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Mtu akisema sipiyu imeharibika, hatujui kama limeharibika kasha au kile kidude cha ndani. Fundi wa kwanza aliyeleta bei ya makasha sita hakukosea hata kidogo kwa Kiswahili cha mtaani.

Kwa kifaa cha ndani tunalo neno "kichakataji", nalo twaliunga mkono bila kusita. Kuchakata ni kitenzi kinachojulikana. Watu huchakata mkonge, huchakata nyama, na sasa huchakata taarifa. Kwa kitu cha nje tuseme "kasha la kompyuta". Ni neno la kila siku, wala halihitaji kamati.

Neno "Chakavu"

Neno hili lina hatari ambayo watumishi wa umma wataitambua mara moja. Katika lugha ya kawaida, kitu chakavu ni kitu kilichochoka. Katika lugha ya uhasibu na ugavi, mali chakavu ni mali inayongoja kuondolewa kwenye daftari na kuuzwa kwa mnada. Anayeandika kwamba kompyuta zake ni chakavu, kisha anaomba fedha za kuziongezea vifaa, ameandika mambo mawili yanayopingana. Mkaguzi akiuliza kwa nini fedha zimetumika juu ya mali iliyotangazwa kuwa haifai, atajibiwaje?

Lugha inayo maneno ya kutosha hapa, mradi tuyatenge. "Iliyotumika" ni ile iliyopita mikononi mwa mwingine na bado inafanya kazi. "Kuukuu" ni ile iliyozeeka, hata kama haikubadilisha mwenyewe. "Chakavu" ibaki kwa ile isiyofaa tena. Na "ya mtumba" ni jina la biashara: mtumba ulikuwa furushi la mzigo, kisha ukawa furushi la nguo zilizovaliwa, na sasa ni sifa ya chochote kilichonunuliwa baada ya mwenyewe wa kwanza. Wakazi wa Dodoma wanajua kwamba Mtumba pia ni jina la mahali ulipojengwa Mji wa Serikali. Mwandishi wa nyaraka aiandikiapo "kompyuta ya Mtumba" kwa herufi kubwa ameiongezea thamani bila kukusudia.

Neno "Kumbukumbu"

Sasa tumefika penye kiini cha hasara. Karani aliandika "kuongeza kumbukumbu hadi 500". Alikusudia nini? Tulipomwuliza, alisema alitaka kompyuta iwe nyepesi, naye alikuwa amesikia kwamba wepesi huletwa na kumbukumbu. Alisikia sawa. Lakini ile namba 500 aliisoma katika tangazo la diski, akadhani ni kitu kile kile.

Kosa hili lina mizizi katika lugha yenyewe. Kila barua ya Serikali huwa na mstari wa "Kumb. Na." juu yake. Kila kikao huwa na kumbukumbu zake, zinazosainiwa na kuwekwa katika jalada. Kwa mtumishi wa umma, basi, kumbukumbu ni kile kinachohifadhiwa kisipotee. Wataalamu wa kompyuta walipolichukua neno hilo, walilitumia kwa kifaa ambacho hupoteza kila kitu mara umeme ukatikapo! Neno lilikuwa limekwisha kujaa maana nyingine, nasi tukamimina juu yake.

Jambo hili laweza kuelezwa kwa mfano wa ofisi. Karani ana meza, na ofisi ina masijala. Masijala huweka majalada yote, hata usiku taa zikizimwa. Meza huweka yale tu yanayofanyiwa kazi sasa. Meza ikiwa ndogo, karani hana budi kwenda masijala na kurudi mara kwa mara; kazi yake itakuwa ya polepole hata kama masijala ina nafasi ya kujaza lori. Kompyuta zile sita zilikuwa na meza ya gigabaiti 2 kila moja. Ofisi ikanunua masijala ya gigabaiti 500, na meza ikabaki ile ile.

Ubaya umezidi kwa kuwa vitu hivi viwili hupimwa kwa kipimo kimoja. Mfumo wa Windows 11, kwa mfano, hudai angalau gigabaiti 4 za kimoja na 64 za kingine. Namba bila jina sahihi haina maana yoyote. Ni sawa na kumwambia mtu mnadani kwamba unataka kumi.

Tunapendekeza kile cha kwanza kiitwe "kumbukumbu ya kazi", na cha pili kiitwe "hifadhi". Mafundi husema "ramu" na "hadi diski", nao hawakosei kamwe kati ya hivyo viwili, jambo ambalo sisi wenye kalamu hatuwezi kujisifia. Kwa hiyo katika karatasi za ununuzi neno la fundi liandikwe kando ya neno sanifu mpaka hili la pili lizoeleke. Na palipo na kumbukumbu ya kazi itajwe aina yake pia: kipande kilichoandikwa DDR3 hakiingii katika tundu la DDR4, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine, na vipande vya kompyuta mpakato ni vifupi kuliko vya kompyuta ya mezani.

Katika hifadhi yenyewe kuna tofauti iliyostahili jina mapema zaidi. Diski ya zamani huzunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wake husogea kutafuta taarifa. Ya kisasa haina kinachozunguka, nayo hujibu upesi mara nyingi zaidi. Madukani huitwa "esiesidi". Sisi tungesema "diski tuli", kinyume cha "diski zungu". Hifadhi tuli ya gigabaiti 240, pamoja na kumbukumbu ya kazi iliyotoka gigabaiti 2 hadi 8, ingeibadilisha kila moja ya kompyuta zile kuliko diski zungu ya ukubwa wowote.

"Mashine ya Umeme" na "Programu Mpya"

Tutapita haraka hapa. "Mashine ya umeme" yaweza kuwa kisanduku cha ndani ya kasha kinachogeuza umeme wa volti 230 kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, au kile cha nje kinachotuliza umeme unaopanda na kushuka, au kile chenye betri kinachompa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi yake umeme ukatikapo. Cha kwanza tukiite "kigeuza umeme", cha pili "kituliza umeme". Cha tatu kibaki "yupiesi" mpaka apatikane mwenye neno bora. Neno la kigeni lenye maana moja lina faida kuliko neno la kwetu lenye maana tatu.

"Programu mpya" nayo ina utata wenye gharama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo unaoufuata haukubali kompyuta nyingi za zamani: kwa jumla hutaka kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017, au cha baadaye, pamoja na kijisehemu cha usalama ambacho mashine kuukuu nyingi hazina. Kwa hiyo mwandishi aseme kama anataka mfumo endeshi mwingine, au programu tumizi za kuandikia na kupigia hesabu, au masasisho ya zile zilizopo. Kwa mwenye fungu dogo iko pia njia ya mifumo huria kama Linux. Njia hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Walioifanya kazi ile walilazimika kuamua neno moja kwa kila kitufe, na mjadala mwingi wa leo ungefupika kama orodha zao zingesomwa.

Kosa Letu Sisi

Haingekuwa haki kumlaumu karani na kujiacha wenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye. Kwa muda mrefu, basi, maneno yalijadiliwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na chombo mbele yao. Tulibishana juu ya jina la mashine nzima: "ngamizi", lililokaribiana mno na "kuangamiza" masikioni mwa watu, "tarakilishi", lililokubalika katika shule za Kenya, na "kompyuta", lililoshinda huku kwetu bila kuombewa kura. Wakati tukibishana juu ya jina la nyumba, vyumba vyake vilikosa majina.

Linganisha na "kishikwambi". Neno hili lilichekwa lilipotolewa. Kisha katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani walipewa chombo chenyewe pamoja na jina lake, na baada ya sensa vishikwambi vikagawiwa walimu. Leo halichekwi. Halikushinda kwa uzuri wa umbo lake. Lilishinda kwa kuwa lilifika pamoja na kitu, katika mikono ya watu waliopaswa kukitumia na kukiandikia ripoti.

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, limetoa istilahi nyingi katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na kazi hiyo yastahili shukrani. Tunachoomba ni hatua moja ya nyongeza. Kabla istilahi ya kiufundi haijatangazwa, apewe karani aandike kwayo mahitaji, kisha apewe fundi afungue kasha na kuonyesha kwa kidole kila kilichotajwa. Kidole kikienda mahali pawili, neno lirudi kamatini.

Watasema wengine kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kubeba tofauti nyingi kiasi hicho. Tunawaomba waende mnadani Msalato. Hapo hakuna mtu anayeomba tu "ng'ombe". Husema mtamba, au fahali, au maksai, au ndama; na kwa mbuzi husema beberu au mfarika. Maneno hayo hayakufundishwa katika semina. Yalidumu kwa kuwa anayenunua maksai akidhani ni fahali atangoja ndama wasiozaliwa. Watu hubeba tofauti yoyote ambayo fedha yao inaitegemea.

Hitimisho

Tumalize kwa karatasi ile ile, kama ingeandikwa kwa maneno tuliyoyapendekeza:

Kuboresha kompyuta sita za mezani zilizotumika, kama ifuatavyo:

1. Kusafisha ndani ya makasha sita, pamoja na feni na vipoozaji.
2. Kuongeza kumbukumbu ya kazi (ramu) ya aina ya DDR3, kutoka gigabaiti 2 hadi 8 kwa kila kompyuta.
3. Kubadilisha hifadhi: kutoa diski zungu na kufunga diski tuli ya gigabaiti 240 kwa kila kompyuta, na kuhamisha majalada yote.
4. Kupima vigeuza umeme vya ndani, na kubadilisha vilivyoharibika tu.
5. Kuweka mfumo endeshi unaokubaliana na vichakataji vilivyopo na ambao bado unasasishwa.

Ni mistari mitano badala ya minne. Mafundi watatu wakiisoma, bei zao zitatofautiana kwa faida wanayoitaka, si kwa kitu wanachokiuza. Tunawaalika walimu, wafasiri na watumishi wa ofisi watuletee karatasi za namna hii kutoka mahali pao, zikiwa zimefutwa majina, pamoja na maneno wanayoyasikia kwa mafundi wao. "Diski tuli" na "diski zungu" tumezitoa kama mapendekezo, nasi tu tayari kuziacha iwapo yatatokea maneno yaliyokwisha kuzoeleka mahali fulani na yanayotenga vitu hivyo viwili vizuri zaidi.